Utelezi ndani ya dumu

Kuta za chombo cha maji, meno yako na mpira wa mkojo wa mgonjwa wodini vina wakazi wa namna moja. Wakiwa wanaelea, dawa huwamaliza. Wakishajenga, ni habari nyingine.

Na Mwandishi Wetu

DUMU la lita 20 lina mdomo ambao mkono wa mtu mzima haupiti. Ndiyo maana kwenye mabomba ya mitaani utaona watu wakiliosha kwa namna ileile: konzi ya mchanga au kokoto ndogo, maji kidogo, sabuni ya unga, kifuniko kinakazwa, kisha dumu linatikiswa kwa nguvu, linalazwa ubavu, linageuzwa na kutikiswa tena. Maji yakimwagwa hutoka na vipande vyembamba vya rangi ya kijani au kijivu.

Asiye na muda, na asubuhi ya foleni wengi hawana, husuuza mara moja na kukinga.

Pitisha kidole ndani ya mdomo wa dumu lililosuuzwa hivyo. Kunateleza. Maji yaliyomo yanaweza kuwa maangavu, hayana harufu, tena yametoka bombani na klorini yake. Lakini ukuta unateleza.

Utelezi huo si tope wala mafuta. Ni bakteria waliohamia humo, wakajishika ukutani na kujifunika kwa ute walioutengeneza wenyewe. Wanasayansi huuita biofilamu. Katika makala haya tutauita utando. Umo ndani ya dumu na simtanki, ndani ya mabomba ya mamlaka za maji, juu ya mawe ya mtoni, kwenye meno yako unapoamka, chini ya mashua iliyotia nanga, na ndani ya mpira wa mkojo wa mzee aliyelazwa kwa tatizo la tezi dume.

Bakteria wengi duniani wanaishi hivi. Anayeelea peke yake majini huenda yuko safarini kutoka utando mmoja kwenda mwingine. Hata hivyo dawa zetu nyingi, vipimo vyetu vingi na tabia zetu nyingi za usafi zimemlenga huyo msafiri, na walioko nyumbani wamebaki salama.

Siki ya muuza vitambaa

Mtu wa kwanza kuuona utando kwa hadubini alikuwa muuza vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi. Antonie van Leeuwenhoek alisaga lenzi zake mwenyewe, na Septemba 1683 aliiandikia Royal Society ya London kueleza alichokwangua kati ya meno yake. Alikuwa mtu wa kusafisha kinywa kila siku, lakini ukoga ulibaki. Aliuchanganya na maji safi ya mvua, akatazama, akaona viumbe hai vidogo vingi vikienda huku na huko.

Kisha akafanya jambo ambalo wengi wanaomtaja hulisahau. Alijaribu siki. Vile viumbe vilivyokuwa vimetawanyika majini vilikufa. Lakini alikuwa amesukutua kwa siki kinywani, na ukoga alioutoa baada ya hapo bado ulikuwa na viumbe hai. Akahitimisha kwamba siki iliua vilivyokuwa nje ya ukoga tu, haikupenya ndani.

Kiini cha tatizo kimo katika barua hiyo, zaidi ya miaka 300 iliyopita. Sayansi ilikuja kukirudia baada ya muda mrefu sana.

Karne ya 19, Louis Pasteur na Robert Koch walipofungua njia ya kuelewa magonjwa ya kuambukiza, utaratibu uliozaa matunda ulikuwa kumtenga bakteria wa aina moja, kumkuza maabara na kumlisha vizuri. Ulituletea majibu kuhusu kifua kikuu, kipindupindu na kimeta. Lakini ulimsoma bakteria akiwa ameshiba na ametengwa na jirani zake. Ni kama kuwaelewa watu wa Kariakoo kwa kumhoji abiria mmoja ndani ya ndege.

Mwaka 1943 Claude ZoBell, wa Taasisi ya Scripps huko California, alichapisha matokeo ya kuhifadhi maji ya bahari kwenye chupa. Bakteria walistawi zaidi pale palipokuwa na uso wa kushika, yaani kwenye kioo, kuliko katikati ya maji. Makala yake hayakutikisa wengi. Aliyeligeuza jambo hili kuwa hoja kubwa ni Bill Costerton wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, ambaye pamoja na wenzake aliandika mwaka 1978 katika jarida la Scientific American jinsi bakteria wanavyojishika kwenye mawe ya vijito, kwenye meno na mwilini.

Miaka ya 1990 hadubini za leza ziliwezesha kuutazama utando ukiwa mbichi na hai, bila kuukausha. Kilichoonekana hakikuwa tabaka la takataka. Kulikuwa na minara, na kati ya minara mifereji ambamo maji yalipita.

> Siki iliua viumbe vya nje ya ukoga tu. Leeuwenhoek aliliandika hilo kabla ya mtu yeyote kujua kuwa bakteria huleta magonjwa.

Unavyojengwa

Chombo kipya hakikai kitupu. Dakika chache tu baada ya maji kugusa plastiki, chuma au jino, protini na masalia mengine yaliyomo majini hunata ukutani na kufanya tabaka jembamba lisiloonekana. Jino lililosafishwa na daktari sasa hivi hupata tabaka lake kutokana na mate kabla mgonjwa hajafika nyumbani. Juu ya tabaka hilo ndipo bakteria wa kwanza hutua.

Mwanzoni anashika kilegevu. Wengi hubanduka na kwenda zao, na mtu angepitisha kitambaa wakati huo kazi ingekuwa imekwisha. Anayebaki hubadilika. Anaacha kutumia mkia wake wa kuogelea, anatoa vinyweleo na gundi ya kumshikiza, kisha anaanza kutoa ute.

Uamuzi wa kukaa au kuondoka hutegemea sana kemikali moja ndogo ndani ya seli, c-di-GMP. Kundi la Moshe Benziman huko Jerusalem liliitangaza mwaka 1987, likiwa linachunguza bakteria anayetengeneza selulosi, wa jamii ileile ya wanaotengeneza siki. Kwa bakteria wengi kanuni ni rahisi: kemikali hiyo ikipanda, bakteria anajenga, ikishuka, anafungasha.

Ute wenyewe ni kitu cha kushangaza. Sehemu kubwa ni maji. Kilichobaki ni minyororo mirefu ya sukari, protini, mafuta kidogo, na DNA iliyomwagwa nje ya seli. Hiyo DNA ilidhaniwa ni mabaki ya waliokufa tu, hadi mwaka 2002 watafiti walipotia kimeng'enya kinachokata DNA kwenye utando mchanga wa bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa. Utando uliyeyuka. Utando uliokomaa haukuyeyuka, maana ulikwisha pata nguzo nyingine.

Ukikausha utando na kuupima, mara nyingi zaidi ya asilimia 90 ya uzito huwa ni ute. Wajenzi hawafiki hata sehemu ya kumi.

Kadiri unavyonenepa, maisha ndani yake yanatofautiana. Wa juu wanapata chakula na oksijeni, wanakula na kuzaana. Wa chini wanaambulia makombo, na oksijeni haiwafikii. Hapo ndipo bakteria wasiopenda hewa hupata makao, kwa kuwa jirani zao wa juu wameimaliza. Ukoga wa meno una mamia ya aina za bakteria waliopangana kwa namna hii, na baadhi yao wasingeweza kuishi kinywani, palipojaa hewa, bila wenzao.

Halafu wanawasiliana. Kila bakteria humwaga kemikali ya ishara. Wakiwa wachache inapotea majini, wakiwa wengi inarundikana, na ikifika kiwango fulani wote hubadili mwenendo kwa pamoja. Mwaka 1970 Kenneth Nealson na Woodland Hastings waliliona hili kwa bakteria wa baharini ambao hawatoi mwanga mpaka wawe wengi. Bakteria wa aina hiyo huishi ndani ya ngisi mmoja mdogo wa Hawaii, na ndio taa yake ya usiku.

Bakteria wa kipindupindu ana mwenendo wake wa kinyume, na maabara ya Bonnie Bassler, Chuo Kikuu cha Princeton, ni miongoni mwa zilizouchunguza kwa kina. Wakiwa wachache, hujenga utando na kushika. Wakijikuta wengi, huacha ute na kutoka. Kwa bakteria anayeishi utumbo wa binadamu hesabu hiyo ina mantiki: shika, zaana, kisha toka na kinyesi umtafute mtu mwingine.

Mchoro wa maisha ya utando unaofundishwa vyuoni una hatua tano, kuanzia kutua hadi kutawanyika. Mwaka 2022, katika jarida la Nature Reviews Microbiology, wanasayansi kadhaa wakiwemo Karin Sauer na Paul Stoodley, ambao kazi zao za awali ndizo zilizoueneza mchoro huo, walisema hautoshi. Umetokana mno na bakteria mmoja aliyekuzwa maabara. Kwenye makohozi ya mgonjwa wa mapafu au ndani ya kidonda, mabonge ya bakteria huwa na ute na tabia zote za utando bila kushika ukuta wowote. Wakapendekeza hatua tatu pana: kukusanyika, kukua, kutawanyika. Ni nadra kuona watu wakibomoa mchoro uliowapa jina, na nadhani wamefanya vizuri.

Kwa nini dawa inakwama

Inasemwa mara nyingi kwamba bakteria ndani ya utando huvumilia dozi ya antibiotiki hadi mara 1,000 ya ile inayowaua wakielea. Namba hubadilika kwa aina ya bakteria na dawa, lakini tofauti ipo na ni kubwa. Ubishi uko kwenye sababu.

Maelezo ya zamani yalikuwa kwamba ute ni ngome, dawa haipenyi. Kwa klorini ni kweli kwa kiasi kikubwa: klorini hushambulia chochote kilicho hai au kilichotokana na hai, hivyo humalizika ikipigana na ute wa juu kabla ya kufika chini. Leeuwenhoek naye alidhani siki yake ilikwama nje. Lakini antibiotiki nyingi, zilipopimwa, zilionekana kupenya hadi chini bila shida kubwa. Zilifika, na bakteria hawakufa.

Sababu kubwa ni njaa. Antibiotiki nyingi huua kwa kuvuruga kazi inayoendelea: kujenga ukuta wa seli, kunakili DNA, kutengeneza protini. Bakteria wa chini, asiye na chakula wala oksijeni, hajengi wala hanakili. Dawa inamkuta amelala, inapita. Joseph Bigger, daktari wa Dublin, aliwaona bakteria wa namna hii mwaka 1944 alipogundua kuwa penisilini iliua karibu bakteria wote kwenye chupa lakini si wote, na wachache waliobaki, walipokuzwa upya, walikufa kwa penisilini kama kawaida. Hawakuwa sugu. Walikuwa wamesinzia.

Tofauti hii ina uzito kwa mgonjwa. Maabara hupima dawa kwa bakteria waliokuzwa upya, walioshiba. Majibu yanarudi yakisema dawa inafaa. Mgonjwa anakunywa, homa inashuka kwa sababu wanaoelea wamekufa, dozi inakwisha, wiki tatu baadaye homa inarudi. Hapo daktari hana budi kujiuliza kama kuna kitu mwilini ambacho bakteria wamekishika, chuma cha mfupa au jiwe kwenye kibofu, kabla ya kuandika dawa kali zaidi. Na kila dozi isiyomaliza kazi huwapa majirani waliobanana humo nafasi ya kupeana jeni za usugu, jambo ambalo hulifanya kwa urahisi wakiwa karibukaribu.

Kwenye kinywa tumeshaafikiana zamani. Hakuna anayemeza antibiotiki kila asubuhi kwa ajili ya ukoga. Tunasugua. Bakteria aitwaye Streptococcus mutans akipata sukari ya mezani huigeuza kuwa gundi ya kujengea na tindikali inayotoboa jino, na dawa yake kubwa ni nyuzi za mswaki, uwe wa dukani au wa mti, zikipita mara mbili kwa siku kuvunja kilichojengwa usiku au mchana. Ukichelewa, madini ya mate huufanya ukoga kuwa jiwe, na jiwe hilo halitoki ila kwa chuma cha daktari.

> Dawa inamkuta bakteria wa chini amelala, inapita. Hakuwa sugu. Alikuwa amesinzia.

Mdomo mwembamba au mpana?

Turudi kwenye maji, kwa kuwa hapa kuna mvutano wa kweli, na pande zote mbili zina hoja.

Wataalamu wa afya ya jamii wamepigania kwa miaka mingi chombo chenye mdomo mwembamba. Hoja yao ni mkono. Maji yanaweza kutoka safi kisimani, yakachafuliwa nyumbani na kikombe kinachochovywa na vidole vilivyokishika. Mwaka 1993, katika kambi ya wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, watafiti waligawa ndoo zenye kifuniko kisichotoa nafasi ya kuchovya pamoja na mdomo wa kumiminia. Dalili za kinyesi kwenye maji zilipungua kwa asilimia 69 ikilinganishwa na ndoo za kawaida, na kuhara kwa watoto wa chini ya miaka mitano kukapungua kwa asilimia 31.

Upande wa pili unasema: mkono usioweza kuingia kuchafua hauwezi pia kuingia kusugua. Dumu likikaa miezi bila kusuguliwa hujenga utando ambao hula klorini. Mama anatia dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, lakini sehemu ya dawa inamalizikia ukutani. Na bakteria wa kuhara wakiingia siku moja, wanaweza kukuta makao yaliyokwisha andaliwa, wakajibanza humo na kurudi majini baadaye kidogo kidogo.

Baada ya kuzipima hoja zote mbili, naona ya kwanza ina ushahidi mzito zaidi wa kuokoa watoto, nayo isiachwe. Lakini ya pili haipaswi kupuuzwa kama inavyopuuzwa. Suluhisho lipo sokoni na si la ajabu: ndoo yenye mdomo mpana, kifuniko kinachokaza, na koki chini. Mkono huingia siku ya kusugua tu. Asiye na uwezo wa ndoo ya koki aendelee na mchanga wake kwenye dumu, maana mchanga unafanya kazi ambayo kusuuza hakuwezi. Mpangilio ndio wa kuzingatia: sugua kwanza, suuza, kisha tia klorini. Ukianza na klorini juu ya utelezi unaipoteza.

Utando huo uko pia kwenye bomba la mtaa. Palipo na mgao, maji yakirudi baada ya siku mbili au tatu huja kwa kishindo na kubandua kilichoshika ndani ya bomba pamoja na kutu. Ndiyo rangi unayoiona dakika za mwanzo. Maji hayo ni ya kumwagilia bustani au kufulia matambara, si ya kunywa.

Kipindupindu nacho kina utando wake ziwani na baharini. Bakteria wake hupenda kushika magamba ya wanyama wadogo mno wa majini, wa jamii ya kamba, na mnyama mmoja anaweza kubeba maelfu ya bakteria. Rita Colwell na wenzake walilitumia jambo hilo nchini Bangladesh: katika utafiti uliofanyika vijiji 65 vya eneo la Matlab, wanawake walifundishwa kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa. Kitambaa hakiwezi kumzuia bakteria mmoja anayeelea, lakini kinamzuia mnyama aliyembeba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kipindupindu kilipungua kwa asilimia 48. Sari kuukuu ilishinda mpya, kwa kuwa nyuzi zilizochakaa huziba matundu.

Watu wa kando ya Ziwa Tanganyika, hasa Uvira na Kalemie ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara, wana kanga na vitenge vilivyochakaa vya kutosha. Kuchuja hakuchukui nafasi ya kuchemsha au klorini. Ni hatua ya kwanza isiyogharimu kitu.

Ngozi hai ya Altona

Itakuwa dhuluma kumaliza bila kusema kwamba utando huohuo umeokoa maisha ya watu wengi.

Mwaka 1892 kipindupindu kilishambulia Hamburg, Ujerumani. Mji ulikunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja, na zaidi ya watu 8,600 walikufa katika majuma machache. Altona, mji uliopakana nao nyumba kwa nyumba, ulichota maji kutoka mto huohuo, tena chini zaidi, baada ya majitaka ya Hamburg kumwagwa. Ulipaswa kuumia zaidi. Haukuumia hivyo. Tofauti ilikuwa matangi ya mchanga ambamo maji ya Altona yalipita taratibu. Koch alionyesha kuwa mpaka wa mabomba ya maji ndio uliokuwa mpaka wa ugonjwa: pale nyumba za upande wa Hamburg zilipopata maji ya Altona, watu walinusurika.

Mchanga peke yake hauzuii bakteria vizuri. Matundu yake ni makubwa mno. Kinachofanya kazi ni utando unaoota sentimita chache za juu, uliojaa bakteria, mwani na wanyama wadogo wanaokula bakteria wageni. Chujio jipya halifai mpaka ngozi hiyo iote, nayo huchukua siku kadhaa hata majuma. Likisafishwa kupita kiasi linaharibika.

Miaka ya 1990 David Manz alilipunguza chujio la namna hii likawa la kutosha jikoni, chombo cha zege au plastiki kilichojaa mchanga, na limefika vijijini katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Manz naye, kama Costerton, alikuwa wa Chuo Kikuu cha Calgary. Chuo kilekile kilichowafundisha madaktari kuuogopa utando kiliwafundisha wanakijiji kuufuga.

Anayelitumia asilitie klorini upande wa juu. Ataua wafanyakazi wake. Klorini itiwe kwenye maji yaliyokwisha chujwa.

Mpira wa mkojo

Mahali ambapo utando unaumiza watu wetu kimyakimya zaidi ni wodi za wanaume.

Mzee anafika hospitali mkojo umegoma. Tezi dume imekua, imebana njia. Anawekewa mpira, anapata nafuu palepale, anapangiwa tarehe ya upasuaji. Tarehe inasogea, au fedha hazijatimia. Anarudi nyumbani na mpira na mfuko wake, wakati mwingine kwa miezi.

Bakteria hupanda kupitia mpira huo, nje na ndani yake. Kwa kila siku unayokaa nao, uwezekano wa kupata bakteria kwenye mkojo ni kati ya asilimia 3 na 7. Ukifika mwezi, karibu kila mgonjwa anao. Mmoja wa bakteria hao, Proteus mirabilis, ana hila mbaya: huvunja urea ya mkojo kuwa amonia, mkojo unapoteza utindikali wake, madini yanaganda ndani ya utando na kuwa mawe, na mpira unaziba. Mkojo unaanza kuvuja pembeni, au unagoma tena kama siku ya kwanza.

Viwanda vimejaribu kuleta mipira iliyopakwa fedha au antibiotiki. Utafiti mkubwa uliohusisha wagonjwa zaidi ya 7,000 katika hospitali 24 za Uingereza, uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2012, ulikuta mipira ya fedha haikusaidia kwa kiwango cha maana, na ile yenye antibiotiki ilileta faida ndogo. Hiyo ilikuwa kwa wanaokaa na mpira siku chache. Kwa wa miezi, tumaini ni dogo zaidi.

Kuna pia mvutano wa vidonge. Mkojo unapimwa, majibu yanaonyesha bakteria, familia inataka dawa na mara nyingi inaandikiwa. Miongozo ya kimataifa inasema vinginevyo: mwenye mpira asiye na homa, maumivu wala dalili nyingine hatibiwi kwa sababu tu bakteria wameonekana, isipokuwa katika hali chache kama vile ujauzito au kabla ya upasuaji wa njia ya mkojo. Kila dozi humaliza wanaoelea, huwaacha walioshika, na huandaa wale ambao dawa ijayo haitawaweza. Akiwa na homa, baridi, maumivu ya kiuno au kuchanganyikiwa, atibiwe haraka. Na kama mpira umekaa zaidi ya wiki mbili, ubadilishwe kwanza, mkojo wa kupima uchukuliwe kwenye mpira mpya. Ukipima kutoka mpira wa zamani, unapima utando badala ya kumpima mgonjwa.

Mambo mengine ni madogo na hayahitaji daktari bingwa. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu. Muunganiko wa mpira na mfuko usifunguliwe ovyo. Mikono ioshwe kabla na baada ya kuugusa.

Lakini kinga kubwa kuliko zote ni kuutoa mpira mara tu unapokuwa hauhitajiki. Wagonjwa wengi hukaa nao siku za ziada kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuuliza. Kama una baba, mama au jirani wodini leo mwenye mpira wa mkojo, usiuvute wewe. Mwite muuguzi, umuulize kwa adabu kama bado unahitajika. Na kesho uulize tena.